Nusu Yako ya Kamusi

Mpendwa mulamwa Wafula,

Kutoka daraja la Chania hapa Thika mpaka stesheni ya treni ya Ruiru, hakuna mzee anayejua maneno marefu ya Kizungu kunishinda mimi. Walimu waje, makarani wa korti waje, hata yule padri kijana anayehubiri akichungulia simu aje. Nitawamaliza wote kabla chai haijapoa.

Haya, nimeongopa. Najua nusu. Najua kuanzia A mpaka lullaby, basi, hapo ndipo elimu yangu inagonga ukuta. Kuanzia hapo kwenda mbele ilikuwa kazi yako, na wewe umekufa bila hata kuniaga, mjinga wewe. Nisamehe kwa kukutusi mbele ya watu. Hii ni barua ya wazi, wengine wanaisoma wakichungulia juu ya bega langu, na wanajiuliza ni mzee gani huyu anayemtukana marehemu. Wacha niwaeleze kwanza wewe ni nani, halafu turudi kwa ugomvi wetu.

Wewe ni Wafula, mtu wa Bungoma, uliyeshuka Thika na sanduku la mbao na koti moja, ukaandikwa kiwanda cha nyuzi siku moja na mimi. Mimi ni wa hapa hapa, mtoto wa vibarua wa kahawa kule Ruiru, niliyetolewa darasa la tano kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na mama alihitaji mikono. Wewe ulifika la saba, na hukuniacha nisahau hata siku moja. Undugu hatukuwa nao. Sikuoa dada yako, na dada zangu uliwaogopa, tena ulifanya vizuri. Lakini siku ile ya kwanza ulinimegea ugali wako, nikakuita mulamwa, maana nilikuwa nimesikia ndivyo mashemeji wanavyoitana kwenu. Ukauliza kwetu inasemwaje. Nikakuambia muthoni. Basi tukawa mashemeji bila mahari na bila bibi arusi, na hatukuwahi kuitana kitu kingine mpaka mwisho.

Kamusi ilikuwa imefanya kazi pale kiwandani kutushinda sisi. Ilikuwa chini ya mguu wa meza ya stoo, ile meza iliyokuwa fupi upande mmoja. Walipoleta meza mpya wakaitupa kwa takataka za pamba. Mimi nikaiona, na wewe ukaiona. Nikaivuta huku, ukaivuta kule, kama mbwa wawili na ngozi, ikakatika pale pale mguu wa meza ulipokuwa umeibonyeza miaka yote. Tukabaki tumesimama, kila mtu na nusu yake, kama watoto waliovunja nyungu.

Halafu tukaanza kuangalia nani amepata nini. Nikapata God, ukapata Satan. Nikapata husband, ukapata wife. Life na death zote zilikuwa kwangu. Lakini lunch na luxury zilikuwa kwako, zimenikosa kwa ukurasa mmoja tu.

"Ndiyo maana," ukasema, ukifungua chakula chako.

Tulicheza kila siku saa ya chakula, kwenye benchi nyuma ya boila, pamba imetukaa kwenye nyusi kama wazee wa kanisa. Sheria tulitunga wenyewe. Mmoja anataja herufi tatu. Kila mtu anaingia kwenye nusu yake kutafuta maneno yenye herufi hizo zote, popote zilipokaa, mradi neno lisipungue herufi tisa. Ukipata, unasoma maana kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka mwenzako aelewe. Ndipo unaweka nukta ya penseli kando ya neno. Nukta ilimaanisha: hili nimekusomea. Neno bila nukta lilikuwa deni, mwenzako bado hajapewa.

Na hakuna kuuliza mtu wa nje. Maana ya neno la nusu yangu unaipata kwangu, ya nusu yako naipata kwako, kwingine hapana, hata neno likuwashe kama upupu. Hiyo tuliiongeza baada ya wiki ile nilipokuwa na malaria. Ulikuwa umekutana na neno la nusu yangu kwenye gunia, ukaenda kumwuliza msimamizi, kwa heshima kabisa, kofia mkononi. Akaita wenzake: "Kujeni muone! Hawa wa kubeba marobota wanataka kuwa maprofesa!" Walicheka mpaka king'ora kikalia. Niliporudi kazini ulikuwa umenyamaza, wewe ambaye hunyamazi. Siku ya tatu ndipo ukasema, "Muthoni, kutoka leo tuulizane sisi wawili tu."

Nikakubali. Mimi pia nilikuwa nimechekwa mahali, mulamwa, hata kama sikukuambia wapi.

Unakumbuka siku ya Q, U na T? Nilikuja na acquaintance, herufi kumi na mbili, nimelificha wiki nzima kama mtu aliyeficha kuku.

"Maana?" ukauliza.

"Mtu unayemjua, lakini si rafiki yako."

Ukatafuna. "Kama wewe."

"Kama mimi nini?"

"Mimi nakujua tu. Rafiki, sijui."

"Aterere, hebu sikiliza, Wafula, rudisha hicho kiazi changu."

"Kimeshamezwa na acquaintance."

Kisha ukatoa questionnaire, herufi kumi na tatu, na ukanisomea maana: karatasi ndefu ya kuuliza maskini ana kuku wangapi. Sina hakika kamusi ilisema hivyo. Ulikuwa na tabia ya kuongeza chumvi. Lakini tangu siku hiyo, kijana yeyote mwenye karatasi akibisha kwangu, naingiza kuku ndani kwanza.

Na siku ya G, H na T tulikaribia kupigana. Mimi nilileta daughter-in-law. Wewe ukakataa katakata. "Hilo si neno, muthoni. Hilo ni familia nzima." Ukanitandika na straightforward, herufi kumi na tano, ukisoma polepole ili niumie: mtu wa kunyooka, asiyezunguka na maneno. Ukajigonga kifua. "Hiyo ni mimi," ukasema. Nilijaribu kulitamka, ukasema R na L zangu zimebadilishana nguo tena.

Miaka ikaenda hivyo. Kiwanda kilipopunguza watu, tulipunguzwa siku moja, kama tulivyoandikwa. Mimi nikahamia Ngoingwa kwa binti yangu, wewe na Nasimiyu wako mkapanga chumba Ruiru, yeye akiuza mboga za kienyeji pale getini, wewe ukishona viatu kando yake. Jumamosi nilikuwa nakuja na nusu yangu kwenye kiondo. Wiki katikati ulinitumia herufi tatu kwa simu, bila salamu, bila hujambo. Wajukuu wangu walidhani ni namba ya siri. Mmoja akaniuliza, "Guka, kwani mko na siri gani na huyo msee?" Nikamwambia siri yetu ni kwamba tuna akili kuwashinda.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Nilianza kukuona ukilowesha ugali kwa mchuzi mpaka unakuwa uji. Na mimi, badala ya kuuliza, nikakuchokoza. "Haiya! Mluhya anaogopa ugali! Wazee wa kwenu wakisikia watakunyang'anya jina." Ulicheka mpaka ukakohoa. Nasimiyu hakucheka. Ningeutazama uso wake ningejua kitu, lakini ni nani anatazama uso wa mpishi sahani ikiwa mbele yake? Jumamosi iliyofuata ulikunywa chai tu. Iliyofuata hukuwa nyumbani. Majirani wakanielekeza hospitali.

Niliingia wodini watu wote wakinong'ona kama mahali mtoto amelala. Nikasema kwa sauti, "Wapi yule mtu anayekimbia ugali?" Na wewe ukainua mkono kutoka kitanda cha mwisho, mwembamba, saa imeteleza mpaka kwenye kiwiko, ukiwa umeshaanza kucheka.

"Sister," ukamwambia nesi, "huyu ni acquaintance yangu. Usimpe kiti."

Kwenye miguu ya kitanda chako kulikuwa na ubao, na kwenye ubao karatasi, na kwenye karatasi, kwa mwandiko wa daktari, neno moja refu ambalo sikuwahi kuliona. Nikahesabu kwa kidole. Herufi kumi. Linaanza na P. Kwa hiyo lilikuwa lako. Ngai, nilifurahi kama nimeokota kitu njiani. Sikujua nimeokota nini.

"Leo herufi ni P, L na V," nikasema. "Na neno la kwanza wamekuandikia bure hapa. Soma maana."

Ukaligeuzia kichwa ukalitazama. Ukatoa nusu yako chini ya mto. Ulifungua taratibu, ukakaa kwenye huo ukurasa muda mrefu kuliko kawaida. Nikadhani ni macho.

"Kwani iko Kigiriki?"

"Ngoja, muthoni. Maandishi ni madogo." Halafu ukainua uso, mkavu kabisa, na ukanisomea. "Palliative. Ya daraja la juu. Mgonjwa aliyetoka kwenye hatari, anayeangaliwa kwa karibu mpaka nguvu zirudi."

"Wewe! Kumbe wamekupandisha cheo!"

"Si ndiyo."

Nikakujibu na development, nikakusomea: shamba la kahawa likigeuka vyumba vya kupanga. "Hiyo si maana," ukasema, "hiyo ni Ruiru." Ukaleta overpopulated: ploti moja, vyumba thelathini, choo mbili. Nikaleta disapproval: uso wa mke wangu, Mungu amrehemu. Ukaleta provincial, hilo hata sikumbuki ulisemaje, nilikuwa bado nacheka. Mwisho ukaleta privilege. "Kitu unachopewa," ukasema, "na hukukifanyia kazi." Ukabaki unaniangalia.

"Weka nukta," nikakuambia, "acha kuniangalia kama mchumba."

Ukaweka nukta. Nami nikaenda zangu nikiwa na furaha, mulamwa. Sijui kama unajua hilo. Niliondoka pale nikipiga mluzi.

Getini nikakutana na Nasimiyu akileta uji kwa chupa. Na mimi, mwenye nusu ya kamusi, mwenye madarasa matano, nikamsimamisha mbele ya watu nikamwambia, "Mama, futa uso! Mzee ameandikwa palliative! Amepanda daraja, ametoka kwenye hatari!" Alinitazama. Akaweka chupa chini. Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na akasema, "Asante, shemeji." Akaokota chupa, akaingia zake. Nilifikiri ni furaha imemziba mdomo.

Haikutosha. Jumapili kanisani, Ngoingwa, wakati wa shukrani, nikasimama. Nikawaambia waumini rafiki yangu wa miaka yote yuko hospitali lakini Mungu ni mwema, sasa ni palliative. Watu wengine wakasema amina. Mama Esther, yule aliyestaafu unesi, aligeuka kwenye benchi la mbele kama mtu aliyechomwa. Baada ya ibada akanifuata mpaka kwenye mchongoma.

"Mzee," akasema, "unajua hilo neno ni nini?"

"Najua. Nimesomewa."

"Nani amekusomea? Wacha nikueleze, ni muhimu—"

"Mama Esther, usiniambie!" Nikainua fimbo kabisa, kama mtu anafukuza ng'ombe. "Hilo neno si la kwangu na si la kwako. Lina mwenyewe. Tuna sheria."

"Sheria gani, na mtu ni mgonjwa?"

"Sheria yetu."

Akabaki amesimama pale, mkono kwenye shavu. Na mimi nikaondoka nikijiona mwaminifu. Nilifikiri nakulinda usichekwe. Nilifikiria yule msimamizi na kofia yako mkononi.

Mtu mwingine yeyote angesikiliza, Wafula. Mtoto wa darasa la kwanza angesikiliza. Ni mimi peke yangu duniani ningeweza kukataa kuambiwa kwamba unakufa, kwa sababu hukuniambia wewe.

Mvua ikaanza. Nilikuwa na kile kijishamba Murera, maharagwe hayajaenda chini, na mgonjwa wangu ana daraja la juu, anaangaliwa kwa karibu. Nikatuma ujumbe kwamba nitakuja nikimaliza kupanda. Ukanijibu herufi tatu, W, N, D, na mimi nikapanda maharagwe siku tisa nikiwaza maneno. Foundation hapana, haina W. Nilipata handwriting, nikalitunza. Alhamisi mchana nikiwa na jembe mkononi simu ikalia. Ni Nasimiyu.

"Shemeji, mwenzako ameenda."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza, "Ameenda wapi?"

Watu wenu wakaja kukuchukua, kwa sababu mtu wa kwenu hazikwi kwenye ploti ya kupanga. Tulisali pale uani Ruiru, nguo za wapangaji zimetolewa kwenye kamba kwa heshima yako. Kaka yako akaniambia nafasi kwa gari ipo, tena ya mbele. Nikasema goti linaniuma. Goti halikuwa na shida yoyote, mulamwa. Nilikuwa naona haya kukaa gari moja na Nasimiyu kutoka Ruiru mpaka Bungoma, na kila nikimtazama nasikia sauti yangu pale getini. Kwa hiyo nilibaki. Sikukuona ukifa na sikukuona ukizikwa. Shemeji gani huyo.

Na bado sikumwuliza Mama Esther. Utasema ni ujinga. Ukiwa hai ile sheria ilikuwa mchezo. Ulipokufa ndiyo kitu pekee chetu kilichobaki bila kuvunjika, na nisingekivunja mimi.

Kabla hajafunga chumba na kurudi Bungoma kabisa, Nasimiyu alikuja Ngoingwa. Alikuwa na nusu yako, ameifunga kwa leso. Aliiweka kwenye meza akasema, "Alisema ni yako." Nikamshukuru, nikampa ndizi za njiani, nikaificha sandukuni chini ya koti la harusi. Ilikaa huko miezi. Nilikuwa napita kando ya lile sanduku kama mtu anapita kwa mbwa asiyemjua.

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anapiga rangi, kila kitu kikatolewa nje juani, na nusu yako nayo ikatoka. Kurasa zilikuwa zinapinduka zenyewe kwa upepo. Nikasema basi. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikatafuta P.

Nilisoma kwa kidole, mara tatu. Palliative: kinachopunguza maumivu bila kuuondoa ugonjwa.

Halafu nikatafuta nukta, ili nijue kama kweli uliuona huo mstari siku ile, au macho yalikuwa yamekataa ukabahatisha. Provincial ina nukta. Privilege ina nukta, tena umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka kidogo. Overpopulated ina nukta. Palliative haina. Kando yake ni peupe kabisa.

Nilikaa pale uani mpaka rangi ikakauka ukutani. Ulisoma vizuri sana. Kisha ukanidanganya usoni, lakini penseli ilipofika mkononi, hukuweza kuidanganya kamusi. Uliacha pale peupe kwa sababu hukuwa umenisomea. Straightforward, wewe! Herufi kumi na tano za uongo! Nilikutukana kwa Kikuyu, nikakutukana kwa Kiswahili, nikamalizia na Kizungu cha nusu yangu, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuniuliza kama ni wezi.

Nikampigia Nasimiyu. Nilitaka kumgombeza mtu, na wewe hupatikani.

"Alijua," nikamwambia.

"Alijua, shemeji. Tangu Januari."

"Na akaniacha nikimbie na hilo neno kama kichaa na bendera?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyelia akamaliza. "Nilimwambia akwambie. Akasema, 'Nikimwambia huyo muthoni atalia, na akilia nitalazimika kumbembeleza, na mimi sina nguvu ya kubembeleza mzee.' Khane, kumbe ulikuwa hujui? Kila mtu aliingia pale na uso wa matanga. Hata mimi. Wewe peke yako ulikuwa unaingia na matusi. Akisikia sauti yako kule mlangoni alikuwa ananiambia, 'Niinue haraka, niinue, asinikute nimelala.'"

Nikavua kofia mbele ya simu. Mimi, mulamwa. Ingefaa uwepo ushuhudie.

"Na mimi nikakwambia ufurahi," nikasema mwisho. "Pale getini. Mbele ya watu."

Nilimsikia akivuta kigoda, akakaa.

"Nilifurahi kidogo," akasema. "Palikuwa na mtu mmoja bado anaamini. Nilisimama karibu na wewe hapo nikaota moto."

Najua padri kijana angesema nini akisikia haya. Angesema kwamba mimi mwenyewe ndiye nilikuwa ile dawa ya kupunguza maumivu, na angefurahia sana mahubiri yake. Aende nayo. Mimi sikutaka kuwa dawa. Nilitaka kuwa pale Alhamisi. Ningekaa kwenye kile kiti ulichokataza nipewe, ningeshika hata kidole kimoja cha mguu, hicho kirefu kilichokuwa kinatoboa soksi zote. Ningelia, ndiyo. Ningekuharibia siku. Lakini kulia kwangu kulikuwa kwangu, Wafula, na ulinipokonya. Unanisikia? Nilikuwa na haki ya kukulilia ukiwa unasikia. Sasa nalia kwenye maharagwe, nalia nikiona ugali umelowa kwenye sahani ya mtoto. Tena wakati mwingine, katikati ya huko kulia, nakumbuka ulivyosema "Si ndiyo" na uso mkavu, na nacheka, na hiyo ndiyo inaniudhi kuliko yote. Umeniachia kifo ambacho siwezi hata kukiomboleza vizuri bila kucheka.

Sina hasira tena, au ninayo ya kutosha tu kupanda kilima mpaka kwako. Nasimiyu ameniambia niende. "Kuja tu, shemeji, nani amekukasirikia?" Kwa hiyo mwezi ujao nakuja Bungoma, mimi ambaye sijawahi kuvuka Nakuru. Nitakuja na nusu yako na penseli iliyochongwa. Nitasimama pale ulipolala, nitafungua ukurasa, na nitakusomea lile neno jinsi lilivyo, kwa sauti, kwa Kiswahili, na R na L zangu zikae zitakavyo. Mtu mmoja alipaswa kumsomea mwenzake, na kama si wewe, basi ni mimi. Nikimaliza nitaweka nukta, na nitakulilia kwa nguvu zangu zote, na usithubutu kunibembeleza.

Ila raundi ile ulishindwa. Neno limebaki bila nukta, umeshindwa, hakuna rufaa. Na unakumbuka aliyeshindwa alikuwa anamfanyia mwenzake kazi moja ndogo, kumbebea mkoba mpaka geti, kumpigia viatu rangi. Mimi nilikupigia rangi viatu mara ngapi, na havikuwa na soli.

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo tu. Nasimiyu anasema kwenu mvua huja kila siku alasiri, bila kukosa, na mimi nitafika alasiri. Karatasi za nusu yako zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, zikilowa mara moja zimekwisha. Uliniambia Wafula ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Basi wewe na mvua mnajuana tangu zamani. Mwambie angoje dakika kumi, mulamwa. Kumi tu, nisome.

Ni mimi, muthoni wako,
Ngoingwa